Kuitafuta Tabora kwa Swali Moja: Tahajia, Viambishi na Programu za Utafutaji wa Pamoja

1.0 Utangulizi

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Makazi hayo ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ndiyo yaliyokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Tabora. Hapo njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na bandari nyingine za mrima iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji na Ziwa Tanganyika, jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na jingine likaelekea Ufipa na Katanga. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga, watumwa na habari vyote vilipita hapo. Aliyepita akiwa na kalamu aliandika aliyoyaona, na alipoondoka aliondoka na maandishi yake.

Kwa sababu hiyo, yeyote anayetaka kuijua Tabora kwa njia ya maandishi analazimika kuitafuta nje ya Tabora. Barua na taarifa za wamisionari wa London waliokaa Urambo kuanzia mwaka 1879 zimo London. Kumbukumbu za Mapadri Weupe zimo Roma. Karatasi za Henry Morton Stanley zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Majalada ya utawala wa Kijerumani yamegawanyika kati ya Dar es Salaam na Berlin. Vitabu vilivyochapishwa kutokana na maandishi hayo navyo vimetawanyika katika maktaba za mabara matatu au manne.

Makala haya yanachunguza chombo kimoja kilichobuniwa ili kumpunguzia mtafiti adha ya mtawanyiko huo, yaani programu ya utafutaji wa pamoja. Programu hii hupokea swali moja, huliuliza katika kanzidata za maktaba nyingi kwa wakati mmoja, kisha hukusanya majibu yote katika orodha moja. Hoja ya makala ni kwamba programu hiyo huongeza idadi ya wanaoulizwa bila kuongeza ujuzi wa swali lenyewe. Ujuzi huo, hasa kuhusu majina na tahajia za Kiswahili na za lugha nyingine za Kibantu, sharti utolewe na wataalamu wa lugha hizi. Wasipoutoa, mtafiti atapata jibu la sifuri na atalichukua kuwa ushahidi.

Ili hoja isielee hewani, achukuliwe mtafiti mmoja wa kufikirika, ambaye hali yake si ngeni kwa wengi. Ni mwanamke mzaliwa wa Tabora, mkutubi kwa kazi, aliyepata mafunzo yake katika chuo cha ukutubi kilichopo Bagamoyo, na sasa ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Mada yake ni safari za bara katika nathari ya Kiswahili. Katika pendekezo lake la utafiti ameandika sentensi hii: ukiacha tawasifu ya Tippu Tip, hakuna maandishi ya Kiswahili ya zama za misafara yaliyotolewa na msafiri wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Ameiandika baada ya kuweka programu ya utafutaji wa pamoja katika kompyuta yake, kuiuliza, na kutopata kitu.

2.0 Programu Inavyouliza

Msingi wa kazi hii ni itifaki inayoitwa Z39.50, ambayo toleo lake la tatu lilitoka mwaka 1995 na ambayo ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1998. Maktaba ya Bunge la Marekani ndiyo inayoitunza. Itifaki ni makubaliano ya namna ya kuuliza na kujibu. Kompyuta ya mtafiti haihitaji kujua maktaba ya mbali inatumia mfumo gani. Inatosha pande zote mbili zifuate makubaliano.

Kabla ya kuuliza, mkutubi huyu alilazimika kuijulisha programu kila maktaba peke yake. Aliandika anwani ya seva, namba ya mlango wa mawasiliano, ambayo kwa desturi ni 210, jina la kanzidata, na muundo wa rekodi zinazotolewa. Maktaba nyingi za Marekani na Uingereza hutoa rekodi za MARC 21, jina lililoanza kutumika mwaka 1999 pale miundo ya Marekani na Kanada ilipounganishwa. Ufaransa ilikuwa na UNIMARC, na Ujerumani ilitumia kwa miaka mingi muundo wake wenyewe, MAB, kabla ya kuhamia MARC 21. Aidha, alitaja seti ya herufi. Asiyefanya hivyo kwa usahihi ataona jina la Padri Bösch, aliyeandika juu ya Wanyamwezi, likiwa na alama za ajabu mahali pa herufi yake ya pili.

Baada ya hapo swali hupewa namba. Neno likitafutwa kama mwandishi huambatanishwa na namba 1003; likitafutwa kama anwani ya kitabu, namba 4; likitafutwa kama somo, namba 21. Programu hulituma kwa maktaba zote pamoja, husubiri, hupokea rekodi, hulinganisha zinazofanana na kuziweka pamoja, kisha huzipanga.

Kazi ya namna hii si mpya. Chuo Kikuu cha Karlsruhe, Ujerumani, kilifungua mwaka 1996 katalogi ya pamoja ambayo huuliza maktaba nyingi kwa mpigo mmoja, na bado inatumika. Katika miaka ya 2000 programu za aina hii zilienea sana katika vyuo vikuu, baadhi zikiuzwa na baadhi, kama Pazpar2, zikitolewa bure pamoja na msimbo wake. Kuanzia mwaka 2009, ilipotolewa Summon, maktaba nyingi tajiri zilianza kuelekea kwenye faharasa kuu, ambazo hukusanya rekodi mapema na kuziweka mahali pamoja badala ya kuziuliza maktaba kila swali linapoulizwa. Kasi iliongezeka. Hata hivyo, tatizo linalojadiliwa hapa lilibaki vilevile, kwani faharasa kuu nayo hulinganisha herufi na herufi.

3.0 Tahajia: Nchi Moja kwa Herufi za Mataifa

Tahajia sanifu ya Kiswahili ilianza kusimamiwa rasmi baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Sehemu kubwa ya maandishi ya awali kuhusu njia ya misafara ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Kila taifa lilikuwa limeandika majina kwa masikio yake na kwa alfabeti yake.

Ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1850, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara na kuliita bahari ya Uniamesi. Wajerumani waliofuata waliandika Unjamwesi, Unjanjembe na Udjidji, kwa kuwa katika lugha yao herufi j hutamkwa kama y ya Kiswahili. Wafaransa waliandika Ou pale ambapo Mswahili huandika U. Kwao Uganda ni Ouganda hadi leo, na katika vitabu vya kale Ujiji ni Oudjidji. Tabora yenyewe imebahatika kuandikwa kwa namna moja katika lugha nyingi, lakini bahati hiyo inapunguzwa na ukweli kwamba wasafiri wa mwanzo hawakulitumia jina hilo sana. Burton aliandika Kazeh. Livingstone na Stanley, walioishi pamoja Kwihara kwa majuma kadhaa mwaka 1872, walizungumza zaidi juu ya Unyanyembe.

Programu haijui lolote kati ya haya. Ikiulizwa Unyamwezi hutafuta herufi tisa kwa mpangilio huo. Kamusi ya Kinyamwezi ya Edmund Dahl, iliyotoka Hamburg mwaka 1915, imeandika Nyamwesi kwa s. Kwa hiyo, mtafiti anayeandika z haipati, isipokuwa mkutubi wa maktaba husika awe ameongeza neno la somo lenye tahajia ya kisasa.

Hata jina la lugha yenyewe limeathirika. Wajerumani waliandika Suaheli. Mwandishi wa pendekezo la utafiti aliuliza kwa maneno mawili, safari na Waswahili. Kitabu alichokuwa akikihitaji kina neno la kwanza kama lilivyo, lakini neno la pili limeandikwa Wasuaheli. Programu ilikuwa imeagizwa kwamba maneno yote mawili lazima yapatikane, na ikatii.

4.0 Kiambishi: Neno Linapobadilika Kichwani

Tatizo la pili ni la kimofolojia, na kwa wasomaji wa Kiswahili ndilo lenye mafunzo zaidi. Lugha nyingi za Ulaya hubadilisha neno mwishoni. Kwa ajili hiyo programu za utafutaji humruhusu mtumiaji kulikata neno mkia na kuacha shina lililo mwanzoni. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine za Kibantu, nomino hubadilika kichwani: Mnyamwezi, Wanyamwezi, Kinyamwezi, Unyamwezi. Shina ni moja, lakini katika faharasa iliyopangwa kwa alfabeti maneno hayo manne yanakaa mbali kwa mbali, chini ya M, W, K na U.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika vitabu vinne vinavyojulikana. R. G. Abrahams alitoa mwaka 1967 kitabu juu ya mfumo wa kisiasa wa Unyamwezi, na neno lililomo katika anwani yake lina kiambishi u-. Bösch, katika kitabu chake cha Kifaransa cha mwaka 1930, aliandika Banyamwezi, kwa ba- badala ya wa-. Wilhelm Blohm, mmisionari wa Moravian, katika juzuu zake za Kijerumani zilizoanza kutoka mwaka 1931, aliandika Nyamwezi bila kiambishi. J. B. Kabeya, aliyeandika kwa Kiswahili juu ya Mtemi Mirambo mwaka 1971, alitumia katika anwani yake neno Kinyamwezi. Vitabu vyote vinne vinazungumzia watu wale wale. Hakuna neno moja kamili litakaloviita vyote kwa anwani zake.

Itifaki ya Z39.50 haikulisahau kabisa jambo hili. Miongoni mwa sifa zinazoweza kuambatanishwa na swali imo sifa ya 5, ambayo huamuru namna ya kukata neno. Thamani ya 1 huruhusu mwisho wa neno kubadilika, 2 mwanzo wa neno, 3 pande zote mbili, na 100 huzuia ukataji wowote. Kwa hiyo mtafiti wa Kibantu anaweza, kwa nadharia, kuuliza -nyamwezi kwa thamani ya 2 na kupata sura zote. Katika utendaji, seva nyingi hazikubali amri hiyo. Faharasa hupangwa kwa mwanzo wa maneno, kama kamusi; kulitafuta neno kwa mwisho wake ni sawa na kuisoma kamusi nzima ukurasa kwa ukurasa. Maktaba iliyojenga seva yake kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza haikuona sababu ya kugharimia jambo hilo.

Watunga kamusi za Kiswahili wanalifahamu suala hili tangu zamani. Wako waliochagua kuweka vinyambuo chini ya shina, na wako waliochagua kuipa kila nomino nafasi yake kwa herufi yake ya kwanza. Kila uamuzi una hasara zake, lakini ulifanywa baada ya mjadala, na wenye lugha waliushiriki. Katika kanzidata za maktaba uamuzi ulifanywa bila mjadala huo. Vichwa vya masomo vya Maktaba ya Bunge la Marekani huondoa kiambishi na kuwaita watu hawa Nyamwezi tu. Anayelijua hilo hupata mengi katika maktaba za Marekani. Asiyelijua, akaandika Wanyamwezi kama asemavyo nyumbani, atapata machache, naye atakuwa ameandika sawasawa.

Ukataji wa mkia nao una mitego yake. Mtafiti aliyeandika Tabor na kuacha mwisho wazi, ili asikose chochote, alipokea vitabu vingi juu ya Mlima Tabor wa Biblia na juu ya mji wa Tábor ulioko Ucheki.

5.0 Majina ya Watu

Tippu Tip ni mfano mzuri, kwa kuwa ni mashuhuri kiasi kwamba asingetarajiwa kupotea. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Tabora, na mwenyewe aliijua njia ya misafara kuliko wengi wa zama zake. Aliieleza habari ya maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki. Anwani yake ya Kijerumani ilimtaja kama Mwarabu Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Haikusema kwamba matini ni ya Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza ya wasifu alioandika Brode, iliyotoka mwaka 1907, ilimwita Tippoo Tib. W. H. Whiteley alitoa matini ya Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili mwaka 1958 na 1959. François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa mwaka 1974, akaandika Hamed ben Mohammed na Tippo Tip.

Hapa programu inakwama mara mbili. Kwanza, inashindwa kujua kwamba Tippu, Tippoo na Tippo ni mtu mmoja. Pili, katalogi ya maktaba kwa kawaida huorodhesha jarida, haiorodheshi makala yaliyomo. Chapisho la kwanza la tawasifu hii limefichwa ndani ya jarida ambalo neno la kwanza la jina lake ni Mittheilungen, kwa th ya kizamani, ambayo Wajerumani wenyewe wameiacha. Chapisho la Whiteley limo katika jarida ambalo limewahi kuitwa kwa majina kadhaa tangu lilipoanza kama taarifa ya Kamati mwaka 1930, hadi kufikia jina la sasa la Kiswahili.

Kinyume cha tatizo hilo ni jina moja lenye watu wawili. Fundikira ni mtemi wa Unyanyembe wa katikati ya karne ya kumi na tisa. Fundikira pia ni Abdallah Said Fundikira, mtemi wa baadaye na waziri wa sheria katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Wakutubi hutenganisha watu kama hawa kwa kuongeza mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki katika faili la majina. Tangu mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani, maktaba ya taifa ya Ujerumani na shirika la OCLC walianza kuunganisha mafaili yao ya majina katika mradi uitwao VIAF. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Lakini faili la majina huingiza mtu ambaye mkutubi fulani amekwisha kumpa kichwa katika rekodi. Aliyesimulia ndani ya kitabu cha mtu mwingine kwa kawaida hapewi kichwa.

Hali hiyo ndiyo iliyomkuta Selemani bin Mwenye Chande. Safari yake kutoka pwani kwenda bara hadi Tanganyika imo, kwa Kiswahili chake, katika kitabu Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Kitabu hicho kimeorodheshwa chini ya Velten. Jina la Selemani, hata pale linapotajwa, limeandikwa kwa Kijerumani, Sleman bin Mwenyi Tshande. Lyndon Harries aliyarudia baadhi ya maandishi ya mkusanyiko wa Velten mwaka 1965, pamoja na tafsiri, katika kitabu kinachoorodheshwa chini ya Harries. Mtu aliyesafiri na kusimulia yuko ndani. Mlangoni yako majina ya waliochapisha.

Mtafiti hakuyapata haya kwa programu. Aliyapata alipompelekea mwalimu wake mzee pendekezo la utafiti. Baada ya shikamoo na habari za safari, mwalimu alisoma sentensi ile, akavua miwani, akasema:

“Mwanangu, umetafuta Suaheli?”

“Nimetafuta Kiswahili, Mwalimu, na Waswahili, na Swahili.”

“Tafuta Suaheli, kama aandikavyo Mjerumani. Kisha tafuta Velten. Usiandike hakuna kabla hujawauliza kwa lugha yao.”

Ni rahisi kusema kwamba angepaswa kujua. Wataalamu wengi wa nathari ya Kiswahili wanamjua Velten. Lakini maana ya programu ya utafutaji wa pamoja ni kumsaidia asiyejua bado. Anayejua jina la Velten haihitaji. Anaweza kwenda moja kwa moja kwenye katalogi yoyote.

Wengine hawana hata nafasi ya ndani ya kitabu kwa jina lao wenyewe. Abdullah Susi na James Chuma waliuongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone, ukapita Unyanyembe mwaka 1873 na kufika Bagamoyo mwaka 1874. Sidi Mubarak Bombay aliwatumikia Burton, Speke, Stanley na Cameron. Majina yao yamo kwa wingi katika kurasa, na kwa uchache mno katika rekodi. Ama wapagazi wa kawaida, waliobeba mizigo ya frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kila siku ya safari, programu ya katalogi haina pa kuwatafutia. Kuwapata kunahitaji kusoma.

6.0 Asiyeulizwa na Asiyesubiriwa

Orodha ya maktaba zinazoulizwa huandaliwa na anayeiweka programu, lakini uhuru wake una mipaka. Huweza kuweka tu maktaba yenye seva iliyo wazi. Maktaba inayotumia kadi katika makasha ya mbao haiwezi kujibu, hata kama kadi zake zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, palikuwa na kiwanda cha uchapaji cha Tanganyika Mission Press, ambacho kwa herufi zake T.M.P. kinajulikana na vizazi vya wasomaji wa Kiswahili. Vitabu vyake vilienea katika shule na parokia za nchi nzima. Mtafiti aliyekaa Tabora na kuiuliza programu yake juu ya vitabu vilivyochapwa Tabora anajibiwa kutoka Marekani. Sababu haina siri. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966 kwa ajili ya kununua machapisho ya Afrika Mashariki na kuyaandikia rekodi, na vyuo vikuu kama Northwestern, chenye maktaba ya Herskovits, vilijenga makusanyo makubwa ya Afrika. Walinunua, wakaorodhesha, wakafungua milango. Tanzania nayo ilikuwa na Maktaba Kuu ya Taifa tangu tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Vitabu vilikusanywa. Kuvikusanya ni hatua moja. Kuziweka rekodi zake mahali ambapo kompyuta ya mbali inaweza kuziuliza ni hatua nyingine, yenye gharama yake ya kila mwaka.

Suala la pili ni la muda. Programu haiwezi kusubiri milele, huwekewa kikomo. Mkutubi wetu wa kufikirika aliweka sekunde kumi. Maktaba ya mbali yenye mitambo ya nguvu hujibu kabla ya sekunde mbili. Iliyo karibu, lakini yenye umeme wa kukatika na njia nyembamba ya mawasiliano, hujibu ya kumi na moja, na jibu lake hutupwa. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano mengi ya nchi za Afrika Mashariki yalipitia satelaiti, na ucheleweshaji huo ulikuwa jambo la kila siku. Hali imeboreka sana. Hata hivyo, kikomo kinapowekwa bila kufikiri, wanaoachwa nyuma ni wale wale. Baya zaidi, programu nyingi haziandiki kwa uwazi kwamba maktaba fulani haikusubiriwa. Mtafiti huona sifuri, na sifuri ya maktaba isiyo na kitabu inafanana kabisa na sifuri ya maktaba ambayo jibu lake lilichelewa.

Suala la tatu linahusu nyaraka. Itifaki hii ilitungwa kwa ajili ya vitabu. Majalada ya utawala, shajara za misheni na barua huelezwa katika miongozo na orodha za nyaraka, ambazo haziko katika muundo wa MARC. Kwa hiyo, habari za Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwezi Januari 1893 badala ya kuchukuliwa na Wajerumani, hazitaonekana kwa ukamilifu katika orodha ya programu, hata ikiwa imeulizwa kwa tahajia zote.

7.0 Hitimisho

Mtafiti alirudi kwenye programu yake na kuifanyia mambo matatu. Kwanza, aliandika jedwali la majina. Mbele ya Unyamwezi aliweka Unjamwesi, Uniamesi, Nyamwezi, Nyamwesi, Wanyamwezi, Banyamwezi na Kinyamwezi. Mbele ya Tabora aliweka Kaze, Kazeh, Unyanyembe, Unjanjembe na Kwihara. Mbele ya Kiswahili aliweka Suaheli na Kisuaheli. Aliiagiza programu ipanue kila swali kwa jedwali hilo, na ipeleke sura za Kijerumani kwa maktaba za Ujerumani na za Kifaransa kwa maktaba za Ufaransa, ili orodha isifurike. Pili, alirefusha muda wa kusubiri maktaba za Afrika Mashariki. Tatu, aliifanya programu ionyeshe maktaba ipi imejibu kwamba haina kitu, ipi imekataa swali, na ipi haikujibu kabisa.

Kisha aliifuta sentensi yake. Mahali pake aliandika kwamba maandishi ya Kiswahili ya wasafiri wa njia ya Tabora yapo, kwamba sehemu yake yamehifadhiwa chini ya majina ya wachapishaji wa Kizungu, na kwamba kutoonekana kwake katika katalogi ni sehemu ya historia yake. Sentensi hiyo mpya ikawa sura nzima ya tasnifu.

Jedwali lile lilimchukua jioni kadhaa, na lilitokana na ujuzi wa aina mbili ambao haupatikani katika mwongozo wa programu: namna viambishi vya Kibantu vinavyofanya kazi, na namna wageni walivyoyaandika majina ya nchi hii. Ujuzi huo umo katika idara za Kiswahili na za historia. Mara nyingi hukaa katika vichwa vya walimu na huhamishwa kwa neno moja la mdomo, kama lile la mwalimu mzee, na huondoka pamoja naye anapoondoka.

Inapendekezwa, basi, kwamba idara za Kiswahili, kwa kushirikiana na wakutubi, zitunge orodha ya wazi ya majina ya mahali, ya watu na ya makabila kwa tahajia zake zote za kihistoria, zikianza na njia kuu za misafara. Orodha hiyo iwe na mwaka na chimbuko la kila tahajia, na itolewe bure kwa maktaba zote, za hapa na za ng’ambo, ili ziiingize katika mafaili yao ya majina. Pili, wasimulizi waliomo ndani ya mikusanyiko, kama Selemani bin Mwenye Chande, wapewe rekodi zao wenyewe kwa tahajia sanifu. Tatu, kila tasnifu inayodai kwamba hakuna maandishi juu ya jambo fulani itaje maktaba zilizoulizwa, maneno yaliyotumika, na maktaba ambazo hazikujibu.

La tatu halihitaji fedha wala mitambo. Linaweza kuanza na tasnifu zinazosahihishwa mwaka huu.